Pikapu Iliyovuliwa Jina

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, jua jambo hili moja na mengine utayaelewa: kipande cha stika kilichokutwa kimenata kwenye jaketi la Zakaria, jaketi lililolowa damu, kilikatwa na dada yake mwenyewe.

Tulimwacha dada huyo, Nasteha, wodini, amekishika kipande hicho.

Ilikuwa nusu ya herufi W. Kijani juu, manjano chini, ile manjano ikijitokeza pembeni kama uzi. Nasteha aliijua kazi hiyo. Ni yeye aliyeshauri manjano, kwa sababu vumbi la njia ya Soy huimeza kijani ikiwa peke yake. Gari aliloliandika hivyo lilikuwa moja tu, pikapu nyeupe ya kubebea mahindi. WARFA NA WANAWE.

Na mwana wa Warfa aliyeiendesha pikapu hiyo alikuwa mchumba wake, Abdikadir.

"Umeshika nini hapo?" aliuliza mama yake, Dahabo, kutoka upande wa pili wa kitanda.

"Takataka, Hooyo." Nasteha alifunga ngumi.

Zakaria alikuwa bado amelala kwa dawa. Kijana wa bodaboda, mcheshi, aliyejulikana mtaa wote wa Pioneer. Blanketi lilikuwa limeinuka kwa mguu mmoja. Upande wa pili lilikuwa limelala bapa juu ya godoro.

Asubuhi ya juzi ilimrudia Nasteha yote kwa mara moja.

Alikuwa ameamkia kwenye duka lake la stika, amekata majina ya basi za shule hadi usiku. Hajamaliza hata kufungua mlango, Abdikadir akaegesha. Boneti imebonyea. Taa moja imepasuka.

"Nimegonga ng'ombe huko Soy," alisema. "Lakini si hiyo imenileta. Mzee anabadilisha jina la kampuni. Toa stika zote. Sasa hivi."

Nasteha hakuuliza. Nani huuliza mtu anayemwoa mwezi ujao? Alileta draya, akapasha zile herufi joto hadi zikalegea, akazibandua moja moja; W moja ya boneti ilikuwa imechanika nusu. Rafiki yake na mshirika wake wa biashara, Jelagat, aliingia na mandazi, akamsaidia kushika. Gundi iliyobaki waliisugua kwa mafuta ya taa. Kwenye bampa palikuwa na damu. Nasteha aliipangusa kwa tambara lile lile.

"Huyo ng'ombe wa watu alikuwa na damu!" alitania.

Abdikadir alicheka.

Alicheka, msomaji. Na wakati anacheka, Zakaria alikuwa amelala mtaroni kando ya barabara ya Pioneer, watu wa kwanza wakianza kumfikia.

Mlango wa wodi ukafunguka. Nani mwingine? Abdikadir, ameshika mfuko wa machungwa.

"Hooyo, umekula kitu?"

"Mwanangu." Dahabo alimshika mikono yote miwili. "Damu yako ndiyo iko ndani ya mtoto wangu. Mungu hatakusahau."

Ni kweli. Daktari alipotaka damu, Abdikadir ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Dahabo alikuwa amelisimulia hilo kwa kila mgeni aliyekuja.

Nasteha alisimama. "Abdi, nisindikize nje kidogo."

*

Walisimama mahali pa kuegesha magari. Kulikuwa na manyunyu. Nasteha alifungua ngumi.

"Ng'ombe wako wa Soy alikuwa amevaa jaketi gani?"

Abdikadir alikitazama kipande. Hakushtuka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akafunga kifungo cha koti.

"Lete hiyo."

"Jibu."

"Nasteha, kuna baridi."

"Ulijua ni Zakaria?"

"Nilijua."

Nasteha alikuwa amejitayarisha kusikia uongo. Ukweli ulimkuta hana pa kushika.

"Ulijua kabla, ama baada?"

"Baada. Nilishuka nikaangalia. Aliniita jina."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Abdi, mguu wangu.'"

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikarudi kwa gari."

Nasteha alimpiga kofi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na sufuria ya uji aligeuka. Abdikadir hakuinua hata mkono kugusa shavu.

"Umemaliza?"

"Naenda polisi."

"Nenda. Sikuzuii. Lakini jipange vizuri. Watauliza nani alitoa jina kwa gari. Watauliza nani alipangusa damu. Watauliza nani alichoma zile stika nyuma ya duka."

"Ni wewe uliniambia nizichome!"

"Na nani alinisikia nikikuambia?"

Nasteha alikifungia tena kipande ngumini.

"Mimi nimegonga mtu, nikaogopa," Abdikadir aliendelea, sauti ya upole, kama anayembembeleza mgonjwa alale. "Hayo hutokea. Lakini wewe uliketi chini, ukatoa ushahidi mmoja mmoja, ukasafisha na mafuta. Hakimu ataamini hukujua? Na Mama je? Amezika bwana. Kijana amekatwa mguu. Sasa umpeleke akutembelee jela?"

"Kwa nini hukumbeba hospitali, Abdi? Hilo tu. Angepona huo mguu. Daktari alisema alicheleweshwa."

"Tungembeba, tungeulizwa tumetoka wapi saa hizo."

Maneno yalikuwa yameshatoka.

"Tumetoka?" Nasteha alisogea karibu. "Wewe na nani?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Abdikadir alipepesa macho. Kisha akatabasamu.

"Ulimi umeteleza. Rudi dukani, bibi arusi. Uko na kazi za watu. Mimi nitakaa na ndugu yako."

*

Duka lao lilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea Uganda Road. Nasteha na Jelagat walilianza pamoja, na mashine moja ya kuazima iliyokata herufi zote zikiwa na mkia. Nasteha ndiye mchoraji na mkataji. Jelagat, binti ya mkulima wa mahindi wa Soy, alikuwa na vidole vya kuchomoa mabaki kati ya herufi bila kuchana hata moja, na mkono wa kubandika bila kuacha hewa ndani. Wanabodaboda walimpenda. Kila mmoja alitaka jina lake la utani libandikwe na Jelagat.

Nasteha alimkuta ameinama juu ya meza, wembe mkononi, akisafisha tangazo la saluni. Chai ilikuwa jikoni, kwenye mtungi mdogo wa gesi.

"Funga mlango," Nasteha alisema.

Alimweleza yote. Jelagat aliangusha wembe, akaweka viganja mdomoni.

"Woi! Abdi? Abdi huyu wetu?"

Machozi yalimtoka Jelagat, machozi ya kweli, yakadondokea lile tangazo. Alimkumbatia Nasteha wakalia pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi Nasteha kuhisi kwamba hayuko peke yake duniani.

"Tunaenda polisi," Jelagat alisema. "Mimi na wewe. Nitawaambia tulibandua pamoja na hatukujua kitu. Watu wawili wataaminiwa. Kipande kiko wapi?"

"Hiki hapa."

"Lete nikiweke kwa bahasha. Ukikishika hivyo gundi itaisha, na watasema ulikitoa popote."

Nasteha alimpa.

Jelagat alikipeleka dirishani. Alikigeuza juu na chini, akauangalia ule mstari wa manjano. Alipangusa machozi kwa mkono wa sweta. Kisha akaenda jikoni, akatoa sufuria ya chai kwenye moto, akakishika kipande kwa koleo, na kukiweka juu ya moto.

Stika hujikunja kama kitu kilicho hai ikiungua. Moshi mweusi ulipanda.

"Jelagat! Kinaungua!"

"Najua."

Nasteha alimrukia. Jelagat alikuwa ameshauokota wembe.

"Kaa hapo ulipo."

"Umeingiwa na nini?"

"Mimi ndiye nilikuwa naendesha."

Nje, bodaboda alipiga honi. Mtu aliita, "Jelagat, jina langu liko tayari?"

"Wewe hujui kuendesha," Nasteha alisema. Ndilo jambo la pekee alilolipata la kusema.

"Abdi ananifundisha. Tangu mwezi wa nne."

"Anakufundisha alfajiri?"

Jelagat aliinamisha macho. Usidhani ni aibu, msomaji. Alikuwa anaangalia kama kipande kimekwisha kuungua. Kilikuwa kimebaki tone jeusi kwenye ncha ya koleo. Alilikung'uta kwenye sinki.

"Tulikuwa tunarudi kutoka Sugoi," alisema. "Kulikuwa na ukungu. Nilidhani nakanyaga breki."

"Ukaniletea mandazi."

"Nilikuwa na njaa."

"Ulisimama hapa! Ulinishikia draya! Uliniona nikipangusa damu ya ndugu yangu, Jelagat. Ulinisikia nikitania!"

"Nilikuona." Jelagat aliweka sufuria ya chai jikoni tena. "Na ulipangusa vizuri. Wewe kazi yako huwa safi."

Nasteha aliketi sakafuni.

"Nimekukosea nini?"

"Hakuna. Hiyo ndiyo shida. Wewe mambo hukujia tu. Wazee wenu waliketi, wakakunywa chai, wakampa Abdi wewe. Mimi alinichagua mwenyewe. Lakini hawezi kunipeleka kwa mamake, kwa sababu jina langu ni Jelagat, si la kabila lenu. Mwezi ujao ungeketi kwa gari lililopambwa, na mapambo ningebandika mimi. Ulinipa hiyo kazi wewe mwenyewe. Ulisema hakuna mwingine unayemwamini."

"Nilikuwa nakupenda."

"Najua. Nilibandika tabasamu nikasema asante."

Nasteha aliinua uso. Kitu kimoja kilikuwa kimebaki, na alikishika kwa nguvu zote.

"Zakaria ataamka. Alimwona Abdi. Alikuona."

Jelagat alichukua simu mezani, akaitazama, akamgeuzia kioo Nasteha ajisomee mwenyewe. Ujumbe ulikuwa umeingia muda mfupi uliopita, kutoka kwa Abdikadir.

*Kijana ameamka. Polisi yuko hapa. Mimi niko kando ya kitanda. Usiogope.*

*

Nasteha hakumbuki alivyofika hospitali. Anakumbuka pikipiki, mvua usoni, na ngazi alizopanda akijikwaa kwenye buibui.

Aliwakuta hivi: Koplo Muchiri, mpelelezi wa trafiki, ameketi kwenye kiti cha wageni, kofia juu ya goti. Dahabo ameshika mkono wa mwanawe. Abdikadir amesimama nyuma ya kichwa cha kitanda, mahali ambapo Zakaria hawezi kumwona bila kuinua shingo, lakini anaweza kumsikia akipumua.

"Rudia tena, kijana," Muchiri alisema. "Gari lilikuwa la aina gani?"

"Lori." Midomo ya Zakaria ilikuwa imekauka.

"Rangi?"

"Sikuona. Kulikuwa na ukungu."

"Dereva?"

"Sikuona mtu."

Abdikadir aliinua macho, akamwona Nasteha mlangoni. Alitikisa kichwa kidogo, kwa kuridhika, kama mwenye mifugo anayeona mnyama ameingia zizini mwenyewe.

Nasteha angeweza kunyamaza. Ndugu yake alikuwa ameshaufunga mlango, kilichobaki kwake ni kuuacha umefungwa. Aolewe. Ashone nguo. Ampikie mtu huyo maisha yake yote.

"Anadanganya," alisema.

Wote waligeuka.

"Haikuwa lori, afande. Ilikuwa pikapu nyeupe. Ni ya huyu hapa." Alinyoosha kidole. "Ilikuwa na jina, na jina nililitoa mimi. Damu niliipangusa mimi. Sikujua. Wallahi, Hooyo, sikujua ni damu ya nani."

Dahabo aliinuka polepole, mkono mmoja ukiwa bado umemshika mwanawe.

"Umefanya nini?"

"Hooyo..."

"Uliosha damu ya mtoto wangu?"

"Afande, mvumilie," Abdikadir aliingilia, sauti imejaa huruma. "Hajalala tangu juzi. Amechanganyikiwa na..."

"Wewe nyamaza." Muchiri hakumtazama hata. Alikuwa amevaa sura nyingine kabisa. "Madam, unajua unachosema? Unajua unajiweka wapi?"

"Najua. Niweke. Lakini muulize Zakaria. Abdi alishuka kwa gari, na Zakaria akamwita jina. Abdi mwenyewe ameniambia leo, hapo nje. Na si yeye aliyekuwa anaendesha. Kulikuwa na mwanamke kwa usukani."

Rangi ilimtoka Abdikadir. Kwa muda huo mfupi, msomaji, Nasteha alikuwa ameshinda. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Zakaria, waambie. Waambie uliona mwanamke."

Zakaria alianza kulia. Hakuwa amelia alipoamka na kuona blanketi. Hakuwa amelia mama yake alipomweleza. Sasa alilia kama mtoto, akavuta mkono wa nguo ya dada yake kwa vidole visivyo na nguvu.

"Abaayo, nyamaza. Dada yangu, tafadhali nyamaza."

"Usimwogope mtu. Mimi niko hapa. Sema!"

"Nimesema ni lori. Kwa nini huniachi niseme ni lori?"

Koplo Muchiri alisogeza kiti. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu.

"Kijana. Ulimwona huyo mwanamke?"

Zakaria alifumba macho.

"Nakuuliza mbele ya mama yako. Ulimwona?"

"Nilimwona." Sauti ilikuwa ndogo. "Alikuwa amejitanda shela mpaka puani. Macho tu ndiyo yalikuwa nje. Aliniangalia nikiwa chini. Kisha akaangalia mbele."

"Ni nani?"

Zakaria alimgeukia Nasteha. Katika macho yake hapakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

"Nimekusamehe," alisema. "Nilikusamehe nikiwa bado pale chini. Nilijua uliogopa. Hukuhitaji kuja kusema. Mimi ningesema lori mpaka nife."

"Zakaria... unasema nini?"

"Nilikuona, Nasteha. Hivyo ndivyo unavyojitanda kukiwa na baridi. Na nani mwingine angekuwa kwa gari la Abdi alfajiri, kama si wewe?"

"Hapana!" Nasteha alishika chuma cha kitanda. "Alikuwa Jelagat! Alijitanda asijulikane! Ni Jelagat! Abdi, waambie!"

Wote walimtazama Abdikadir. Naye, taratibu sana, alifunika uso kwa mikono yake miwili.

"Nilitaka kuubeba mzigo huu peke yangu," alisema kutoka nyuma ya viganja. "Afande, Hooyo, nisameheni. Ni mchumba wangu. Ningefanyaje?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukuta.

"Usiku ule hukulala nyumbani," Dahabo alisema.

"Nililala dukani, Hooyo. Nilikuwa na kazi ya basi za shule, nilikuambia!"

"Nani alikuona?"

Nasteha alitafuta jina la mtu. Alitafuta kwa macho, kwenye dari, kwenye dirisha, kwenye uso wa mama yake. Mtu pekee aliyekuwa na ufunguo wa pili wa duka alikuwa Jelagat.

Koplo Muchiri alivaa kofia. Alikwenda mlangoni, akaangalia nje kwenye korido, akaufunga mlango kwa ndani, akasimama ameuegemea kwa mgongo.

Dahabo aliuachilia mkono wa mwanawe. Alizunguka kitanda, akapita mbele ya binti yake aliyepiga magoti, akafika kwa Abdikadir na kumtoa mikono usoni, mmoja baada ya mwingine, kama mama anavyomfuta mtoto machozi. Kisha akamgeukia askari.

"Mpeleke huyo," alisema, bila kumtazama Nasteha. "Mimi watoto wangu ni hawa wawili."